Picha Zilizokatwa Vichwa: Matunzio ya Mtandaoni na Maandishi Yetu

Ni jambo la kutia moyo kwamba vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu havijaridhika tena na ubao wa matangazo na jarida la mara moja kwa mwaka. Vingi vimefungua tovuti, na katika tovuti hizo makala za wanagenzi huandamana na picha: picha za makongamano, za malenga wakighani, za kanga, za milango ya Lamu na, kwa nadra, za miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Walakini, picha hizo aghalabu hazipangwi na mwandishi wa makala. Hupangwa na programu. Makala haya yanadai kwamba upangaji huo ni kazi ya uhariri, sawa na kupanga beti katika diwani, na kwamba sisi wanafunzi wa fasihi tumeiachia mashine ilhali ndio tunaojua pale inapokosea.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hajawahi kuketi upande wa nyuma wa tovuti, tueleze kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Tovuti nyingi za vyama na za majarida madogo huendeshwa kwa WordPress, programu iliyoanza mwaka wa 2003 na ambayo hupatikana bila malipo. Mwanzoni, aliyetaka kuweka picha nyingi ndani ya makala moja alilazimika kuzipachika moja moja, zikawa zinashuka ukurasani kama ngazi isiyokwisha. Ndipo zikazuka programu ndogo za kupachikwa juu ya ile kubwa, ambazo mafundi huziita plagini. NextGEN Gallery, mojawapo ya zile zilizopata umaarufu wa mapema, ilitokea mwaka wa 2007. Mwaka uliofuata, toleo la 2.5 la WordPress lilikuja na uwezo wake lenyewe wa kuzipanga picha kwa matunzio. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, matunzio hayo yamekuwa kipande kimoja ambacho mwandishi hukichagua, akapakia picha zake, akabonyeza, kazi ikaisha.

Urahisi huo ndio ninaoutilia shaka. Mwandishi anapobonyeza, programu hufanya maamuzi kadhaa kwa niaba yake bila kumuuliza. Huichongea kila picha nakala ndogo, yaani kijipicha, ambacho kwa kawaida ya WordPress ni mraba wa nukta 150 kwa 150. Picha isiyo mraba hukatwa kingo ili itoshee, na kinachobaki ni kile cha katikati. Katika matunzio mapya vipimo vimebadilika, lakini tabia ya kukata ili picha zilingane imebaki pale pale. Kisha vijipicha hupangwa kwa safu, mara nyingi tatu tatu, kutoka kushoto kwenda kulia. Msomaji akikibonyeza kimoja, picha kamili humjia mbele ya ukurasa uliotiwa giza, mtindo ulioenezwa na programu ya Lightbox ya mwaka wa 2005. Kwa picha za harusi au za mbuga za wanyama, maamuzi haya hayamdhuru mtu. Tembo akikatwa mkia bado ni tembo.

Lakini tuichukue kanga. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na sote tuliosoma fasihi simulizi tunajua kwamba jina ndilo linalonena. Mpiga picha anayejua thamani yake huisogeza kamera mpaka kwenye jina, akapata picha ndefu na nyembamba, upana wake pengine mara nne ya kimo. Tuseme kanga yenyewe imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Programu ikishaichonga mraba, hubakia robo ya katikati, na neno linaloonekana ni NYOTA peke yake. Onyo limetoweka, na mwenziwe huyo ametoweka pia. Kimebaki kitambaa chenye neno zuri. Na hata kama kisu hakikukata kwa kiasi hicho, kupotea kwa silabi mbili za mwanzo kwatosha kutupeleka kombo: ondoa USI, na msomaji anashauriwa asafirie nyota ya mwenziwe.

Nimeyaona matunzio ya kanga zaidi ya ishirini ambamo hakuna jina hata moja lililosomeka mpaka ubonyeze, na sijui ni msomaji gani mwenye subira ya kubonyeza mara ishirini. Mchuuzi wa kanga katika Mtaa wa Biashara pale Mombasa hawezi kuuza hivyo. Yeye humkunjulia mteja kitambaa mpaka jina lisomeke, kwani anajua kwamba mteja hanunui rangi tu. Sisi tunaodai kuwa wachambuzi wa semi tumekuwa nyuma ya mchuuzi.

Mswada wa utendi hupata hasara ya namna nyingine. Urefu wa ukurasa wake huzidi upana, kwa hiyo kisu hupita juu na chini. Picha yenye upana wa nukta 1200 na kimo cha nukta 1800 hupoteza sehemu moja ya sita kichwani na nyingine kama hiyo miguuni. Kichwani mwa ukurasa wa kwanza ndipo penye Bismillahi. Miguuni mwa ukurasa wa mwisho ndipo mnakili anapoweka jina lake, tarehe ya Hijria na pengine jina la aliyemwagizia kazi: yale hasa ambayo mhakiki wa matini huyatafuta kabla ya jingine lolote. Fauka ya hayo, katika vitabu vingi vilivyoandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu, chini ya ukurasa, upande wa kushoto, huandikwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika mtu aweze kuzirejesha mahali pake. Wanakili wale walikuwa na njia yao ya kuulinda utaratibu wa kurasa muda mrefu kabla ya tarakilishi, na neno hilo la ulinzi ndilo programu inalolikata mwanzo.

Hapo tumefika kwenye utaratibu wenyewe, na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Hati za Kiarabu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kitabu chake hufunguliwa upande ambao msomaji wa hati za Kirumi huuita mwisho. Matunzio ya picha huuweka ukurasa wa kwanza kushoto, wa pili katikati, wa tatu kulia. Mtu aliyezoea hati za Kiarabu akiitazama safu hiyo ataanzia kulia, yaani ukurasa wa tatu, aje wa pili, aishie wa kwanza. Kisha ashuke safu ya pili na kukutana na wa sita. Akiifungua picha kamili, mshale wa kulia humpeleka mbele ilhali mkono wake umezoea kufunua kinyume. Huyu atang'amua baada ya muda, kwa kuwa anayasoma maneno yenyewe. Anayepotea bila kujua kwamba amepotea ni yule asiyezijua hati hizo, na wengi wetu tuliosomea bara tumo katika kundi hilo.

Katika semina moja ya uzamili, mwanafunzi mwenzetu aliwasilisha uchanganuzi wa utendi ambao picha za mswada wake alizipata katika tovuti ambayo sitaitaja. Aliyezipiga picha hizo alianzia upande wa kushoto wa kitabu, kama ambavyo angefanya kwa kitabu cha Kiingereza, hivyo picha ya kwanza ilikuwa ya ukurasa wa mwisho. Chini ya kila picha paliwekwa beti zilizohawilishwa kwa hati za Kirumi, nazo zilifuata utaratibu sahihi wa utendi. Kwa ufupi, picha zilikwenda huku na maneno yakaenda kule: chini ya picha ya tamati palikuwa na dibaji. Mwenzetu aliirusha ukutani picha hiyo ya kwanza, akatuonyesha mstari wa juu na kusema kwamba hapo ndipo mtunzi anapomhimidi Mola. Mhadhiri mmoja mzaliwa wa pwani, aliyepitia chuo cha Kurani utotoni, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole mbona mstari huo unataja idadi ya beti. Ukumbini tulikuwa zaidi ya kumi, na ni yeye tu aliyeweza kuuliza swali hilo.

Mwenzetu hakuwa mzembe. Aliamini kwamba picha na maneno yaliyo chini yake ni kitu kimoja, na msomaji ana haki ya kuamini hivyo. Tunapoinukuu matini kutoka kitabuni, twamwamini mhariri aliyeweka jina lake jaladani. Tunapoitumia picha ya mswada kama ushahidi, tunamwamini nani? Katika kisa hiki hapakuwa na mhariri. Palikuwa na mpiga picha aliyehesabu kutoka kushoto, mhawilishaji aliyehesabu kutoka kulia, na programu iliyowaunganisha wawili hao bila ya wao kukutana.

Cha kushangaza ni kwamba programu yenyewe inajua kugeuza mwelekeo. Tovuti iliyowekwa katika lugha ya Kiarabu, Kiebrania au Kiajemi hupinduliwa yote: orodha ya kurasa huhamia kulia, na matunzio yaliyokuwa yakianzia kushoto huanzia kulia. Lakini uamuzi huo hufuata lugha ya tovuti nzima, na katika daftari la mashine Kiswahili ni lugha ya kushoto kwenda kulia, basi. Daftari hilo halina habari za barua za Kilwa za mwaka wa 1711 zilizohifadhiwa Goa, wala za Utendi wa Tambuka ambao kwa kawaida hupewa tarehe ya 1728. Lugha yetu ina pande mbili; mashine inaujua mmoja.

Hata hivyo, njia ya kuirekebisha ipo. Katika mfumo wa kimataifa wa kuzitambulisha lugha za kurasa za mtandao kuna alama sw-Arab, yaani Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mhariri anaweza kukitia kipande kimoja cha makala alama hiyo, pamoja na agizo kwamba mwelekeo wake ni wa kulia kwenda kushoto, na katika matunzio ya kisasa vijipicha vitajipanga kuanzia kulia bila ya kuziathiri aya za hati za Kirumi zilizo juu na chini yake. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Fundi wa tovuti hawezi kuikumbuka kwa sababu hajui kwamba mswada husomwa kinyume. Mwanafunzi wa fasihi anajua hilo, lakini hajui kwamba agizo lipo. Na kwa kuwa fundi huitwa siku tovuti inapokwama tu, wawili hao hawapati nafasi ya kuulizana.

Wapo watakaosema kwamba hii ni mizozo ya bure. Picha, kwa maoni yao, ni pambo. Kilicho muhimu ni matini, nayo ilikwisha kuhawilishwa na magwiji. Mathalan, mashairi ya Muyaka bin Haji yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyaandika kwa hati za Kiarabu na W. E. Taylor akayahifadhi, William Hichens akayachapisha kwa hati za Kirumi mwaka wa 1940, na Mohamed Abdulaziz akaturudia na kitabu chake mwaka wa 1979. Je, mwanafunzi wa leo anahitaji nini zaidi?

Anahitaji kuweza kuhakiki. Uhawilishaji ni ufasiri, na kila aliyewahi kuujaribu anajua jasho lake. Katika uandishi wa jadi, herufi moja ya ba yenye kasra chini yake inaweza kusomwa bi, be, pi, pe, mbi au mbe. Irabu za e na i hushiriki alama moja, vivyo hivyo o na u. Baadhi ya wanakili waliongeza alama zao za kutofautisha, na mwaka wa 1997 Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapitio ya historia ya uandishi huo pamoja na mapendekezo ya kuuboresha. Lakini miswada ya kale haiwezi kurudi nyuma ikaandikwa upya. Mhawilishaji anapochagua o badala ya u mwishoni mwa kipande, amechagua kina. Sisi hukaa darasani tukijadili urari wa vina na ustadi wa mtunzi, na pengine urari huo ni wa mhawilishaji. Picha ya ukurasa mzima, iliyo mahali pake, ndiyo njia pekee aliyo nayo mwanafunzi wa Eldoret au Maseno, asiye na nauli ya kwenda London wala Dar es Salaam, ya kujionea mwenyewe jinsi neno lilivyoandikwa. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba picha ni pambo.

Suala la maelezo ya picha nalo lastahili kutajwa. Magazeti yetu ya zamani yalikuwa na ada nzuri: "kutoka kushoto", kisha majina yote, hata kama picha ina watu tisa. Matunzio ya mtandaoni yameiua ada hiyo. Mwandishi hupakia picha arobaini za kongamano kwa mpigo mmoja, na sanduku la maelezo chini ya kila picha hubaki tupu kwa sababu kulijaza mara arobaini kunachosha. Matokeo yake, wageni waalikwa, malenga na wanachama hugeuka umati usio na majina, na baada ya miaka mitano hata waliokuwapo hawakumbuki ni nani aliyeshika kipaza sauti. Ushauri wangu ni rahisi na najua hautapendwa: pakia picha sita zenye majina, uache thelathini na nne nyumbani. Kwa mswada, maelezo yasipungue jina la utendi, ukurasa ni wa ngapi, mswada u wapi, nani aliupiga picha na lini. Jina la faili liwe na maana pia. DSC_0043 haimwambii mtu lolote, na siku picha itakapotengana na makala yake, jina la faili ndilo litakalobaki.

Aidha, nyuma ya kila picha kuna sanduku jingine ambalo msomaji halioni, la maandishi mbadala. Programu zinazowasomea wasioona kwa sauti hulitegemea hilo. Likiachwa tupu, mwanafunzi asiyeona akifika kwenye matunzio husikia neno "picha", "picha", "picha", au mfululizo wa nambari za faili. Tuna wanafunzi hao katika madarasa yetu. Kwa kanga, maandishi mbadala si kazi ngumu hata kidogo: andika jina la kanga. Nashangaa tunavyoweza kuandika tasnifu kuhusu majina ya kanga na bado tukamnyima msomaji mmoja jina hilo kwa uvivu wa kubonyeza mara mbili.

Na ni lazima tuzungumzie pesa, jambo ambalo wapenzi wa teknolojia hulisahau. Wasomaji wetu wengi husoma kwa rununu, kwa data iliyonunuliwa kidogo kidogo. Picha arobaini za megabaiti tatu kila moja ni megabaiti 120, na kuna programu za matunzio zinazoileta picha ya asili hata pale inapohitajika ndogo. Tangu toleo la 4.4 la Desemba 2015, WordPress humchagulia msomaji ukubwa wa picha unaofaa kioo chake, na tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 picha zilizo chini ya ukurasa zaweza kusubiri mpaka msomaji azifikie. Ni msaada mkubwa. Ila si kila plagini huheshimu utaratibu huo, hivyo kabla ya kuchagua yenye madoido, mhariri na aifungue kwanza kwenye rununu yake mwenyewe, kwa data aliyoinunua mwenyewe, wala asitumie intaneti ya chuo.

Madoido hayo yana gharama nyingine inayochelewa kufika. Programu ya ziada huishi maadamu kuna anayeitunza. NextGEN, kwa mfano, huziweka picha katika hifadhi yake yenyewe, na ndani ya makala huacha alama fupi kama [nggallery id=4] inayoita matunzio. Programu ikizimwa, au tovuti ikihamishiwa kwa mtu asiyejua historia yake, picha hazionekani tena na alama hiyo hubaki uchi katikati ya aya. Nimekwisha kusoma makala ya miaka ya nyuma ambayo mwandishi anasema "tazama picha zifuatazo", na kinachofuata ni mabano na nambari. Uongozi wa vyama vya wanafunzi hubadilika kila mwaka. Ni hatari kuutegemea mtambo ambao msiri wake ni katibu aliyekwisha kuhitimu. Kwa sababu hiyo napendelea matunzio ya kawaida ya programu kuu, hata kama hayapendezi sana, kuliko plagini yenye vimulimuli.

Nigusie kwa haraka suala la idhini. Miswada mingi ingali katika nyumba za watu, Lamu, Pate, Siyu na kwingineko, na kukubaliwa kuipiga picha si sawa na kukubaliwa kuitandaza mbele ya ulimwengu. Mwenye mswada aulizwe mambo hayo mawili kwa nyakati mbili. Kwa picha za watu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inatufunga sote, vyama vya wanafunzi vikiwemo.

Basi tufanyeje? Kwa mswada, nashauri tuachane kabisa na mraba. Ukurasa mmoja uchukue upana wote wa makala, mzima, na beti zake zilizohawilishwa ziwe chini yake, na atakayezilinganisha awe mtu anayezisoma hati zote mbili. Kama hatumpati miongoni mwetu, twende kwa walimu wa madrasa mjini. Wapo, na sidhani kama kuna chama kilichowahi kuwaomba. Kwa kanga, vijipicha vinaweza kubaki, mradi ile alama ya kukata iondolewe na jina liandikwe kikamilifu chini ya kila kitambaa. Kwa picha za kongamano, sita zenye majina. Na katika kamati ya uhariri wa jarida, ambako tayari tuna msomaji wa prufu, awepo mtu ambaye jina lake litaandikwa kuwa mpangaji wa picha, ili lawama na sifa zipate pa kwenda.

Chama chetu kinaweza kuanza muhula huu. Wanachama wengi wana kanga nyumbani kwao, za mama na za bibi, na wenyewe wapo wa kuulizwa zilinunuliwa lini, na nani alimvalia nani. Tuanze na hizo, kwa kuwa majina yake kila mmoja wetu anaweza kuyasoma. Mswada ufuate pindi tutakapompata wa kutuonyesha ukurasa wa kwanza ni upi.